Sentimita Kumi na Tano

Tuliliinua gari mwezi wa Februari,
sentimita kumi na tano kamili,
springi mpya, shokapu ndefu za njano,
matairi yanayonifika kiunoni.
Kikosi chote cha waokoaji kilitoka kulitazama,
Hróðný akalipiga picha.
Hakuna aliyeuliza habari za usukani.

Usukani ndio uliouliza.
Tuta moja, kushoto. Shimo moja, kulia.
Nami nimeung'ang'ania kama pembe
za kondoo dume asiyetaka kunyolewa.
Safari ya saa mbili,
mabega ya siku tatu.
"Utazoea," wakaniambia,
na nikazoea, miezi minane.
Mtu huzoea hata kiatu kisicho chake.

Ketilbjörn aliingia uvunguni, akalala chali,
tochi mdomoni,
makombo ya samaki mkavu kifuani.
Nikalala kando yake,
baridi ya sakafu ikanipenya mgongo.
"Fremu imepanda," akasema,
"na boksi la usukani limepanda nayo.
Ekseli imebaki chini.
Ufito huu uliokuwa umelala
sasa umesimama kama ngazi,
ekseli ikiruka, ngazi inasukuma.
Gari lako halina wazimu, Steinvör.
Linatii. Ila linalitii shimo
kabla ya kukutii wewe."

Nikamwambia upo mkono mrefu unaouzwa,
unaufunga kwenye boksi, ufito unashuka, kwisha kazi.
Akatema ngozi ya samaki.
"Mkono mrefu, shingo ileile?
Mpe mtoto jembe la babaye
uone kitakachovunjika, shamba au mtoto."

Na shokapu ya usukani, je?

"Hiyo ni kumziba mgonjwa mdomo."

Basi tukakata.
Siku nne za msumeno na tupa,
redio ikisoma upepo wa heri na upepo wa shari,
cheche zikigonga dirisha lenye barafu.
Ufito tukauhamisha juu,
juu kabisa ya magurudumu,
na ule wa pili, unaoizuia ekseli isiyumbe,
tukaupandishia kishikizo chake.
Akaweka pimamaji, akakunja uso, akaweka tena.
"Zilale sambamba," alisema, "kama wazee wawili
kitanda kimoja: akigeuka huyu, na yule ageuke,
blanketi lisianguke."
Kulehemu hakuniachia
mpaka nilipoharibu vipande kumi na kimoja vya chakavu.
"Hiki si kitasa cha banda la kondoo."
Matairi tuliyanyoosha kwa uzi wa sufi
tuliouazima kwenye sweta
ambayo mkewe alikuwa bado hajaimaliza.

Simu ililia usiku wa Jumatano:
watu wawili wamekwama juu ya nyika,
theluji imefika milangoni.
Nikawasha. Gari likatoka
limenyooka kama mstari wa daftari.
Kilomita ishirini sikuamini,
nikasubiri linisaliti.

Kisha daraja, lile jembamba la gari moja,
na kabla ya daraja shimo
ninalolijua kuliko ninavyowajua binamu zangu.
Mikono yangu ikavuta kulia, mapema, kama ada,
kumpinga mtu aliyekwisha kuondoka.
Gari likaenda kulia.
Lilinitii.
Kioo cha pembeni kikagonga ukingo
kikaingia mtoni.

Hróðný alinyamaza mpaka ng'ambo.
"Nani aliyegeuza?"
"Mimi."
"Kwa nini?"

Tuliwafikia wale wawili, wazima,
wakila chokoleti ya mwisho na kugombana.
Ketilbjörn akapiga simu alfajiri:
nati zote zikazwe upya baada ya kilomita mia,
usisahau zile mbili za juu.
Habari za mikono hakunipa.
Mikono haina nati.

Wakati wa kurudi,
kwenye shimo lilelile,
mkono mmoja niliukalia.